Linda Lango Lililo Mbele ya Nyumba Yako

Somo: Nehemia 3:1-12, Nehemia 6:1-14, Nehemia 7:1-4

  

Leo sitahubiri juu ya Goliathi wala juu ya Bahari ya Shamu. Nitahubiri juu ya kitu kilicho mfukoni mwako sasa hivi, au kilichofungwa katika ncha ya kitenge chako. Nitahubiri juu ya simu. Najua mwingine ataguna na kusema, Mchungaji amekosa ujumbe. Ndugu yangu, ngoja kwanza. Kuna nyumba katika kanisa letu ambazo zimelia mwaka huu kwa sababu ya simu, na nyumba ya kwanza ni yangu mimi.

Tufungue kitabu cha Nehemia. Mnajua habari yake. Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa umebomoka, na watu waliujenga kwa siku 52. Lakini angalieni sura ya 7. Ukuta umekwisha, na Nehemia bado hajapumzika. Anatia milango. Anaweka wabawabu. Anatoa amri kwamba malango yasifunguliwe mapema, yangojee mpaka jua liwe kali. Tena yafungwe na kutiwa makomeo walinzi wakiwa wangali wamesimama pale. Na walinzi hao hakuwatoa mbali. Aliwachukua wenyeji wa mji, kila mtu alinde mbele ya nyumba yake mwenyewe. Mstari wa 4 unatupa sababu: mji ulikuwa mpana, na watu ndani yake walikuwa wachache.

Sasa, lango si ukuta. Ukuta kazi yake ni moja, kuzuia. Lango lina kazi mbili. Linafunguliwa ili chakula kiingie, wageni waingie, watoto watoke kwenda shuleni. Na linafungwa ili mwizi asiingie. Mji usiokuwa na lango unakufa njaa. Mji ambao lango lake liko wazi usiku na mchana unaibiwa. Hekima iko katika kujua saa ya kufungua, saa ya kufunga, na nani amesimama pale.

Simu ni lango la nyumba yako. Usiku unafunga mlango wa mbao, unaweka kufuli, mama anasukuma na kiti juu yake. Halafu mtu ambaye hujawahi kumwona anaingia kwa simu saa tano ya usiku, anaongea na binti yako kitandani, na wewe unakoroma. Mlango umefunga, lango liko wazi.

Wengine wanasema simu ni ya shetani, tuitupe. Hapana. Katika sura ya 2 tunasoma kwamba miti ya kutengenezea malango ya Yerusalemu ilitoka katika msitu wa mfalme wa kigeni, mfalme asiyemjua Mungu wa Israeli. Miti ile haikuwa na dhambi. Tena simu hizi tunazoziita za Wazungu na Wachina zina udongo wetu ndani yake. Ile koltani wanayochimba ndugu zetu kule Rubaya, katika Masisi, ndiyo inayotoa madini ya tantali yanayowekwa ndani ya simu. Kobalti ya Kolwezi inaingia katika betri. Kuna watoto wa Kongo waliofukiwa katika mashimo ili dunia ipate simu. Kwa hiyo usiidharau, wala usiiabudu. Iweke mahali pake, iwe lango, na lango liwe na mlinzi.

JUMAMOSI ILE

Sasa nitatoa ushuhuda, na si ushuhuda wa kujisifu.

Ilikuwa Jumamosi jioni, ninatayarisha mahubiri ya kesho. Katika simu yangu kulikuwa na dola 240. Katika hizo, 150 zilikuwa minervali ya watoto wetu wawili. Dola 90 hazikuwa zangu. Zilikuwa pesa za idara ya wamama, za kununua vitenge vya kwaya. Walikuwa wamenipa mimi nizitunze, kwa sababu walisema kwa Mchungaji haziwezi kupotea.

Ujumbe ukaingia. Ulisema nimepokea dola 50. Kabla sijamaliza kusoma, simu ikalia. Sauti nzuri, ya heshima. Akaniita Mchungaji. Namba yangu na cheo changu vilikuwa kwenye matangazo ya kampeni ya injili, yaliyobandikwa barabarani; kila mtu aliweza kuviona. Akasema, Mchungaji, nimekosea namba, zile pesa ni za mama yangu aliye hospitalini, ananingoja, wanataka kumtoa kitandani. Nirudishie, Mungu atakubariki. Akasema tena, usikate simu, nitakuonyesha namna ya kurudisha, kwa maana usipofuata utaratibu akaunti yako itafungwa.

Binti yetu wa pili alikuwa anakunja nguo pale pale. Alikuwa darasa la tano ya sekondari. Akasogea, akatazama simu yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Papa, angalia kwanza salio. Ujumbe huu umetoka kwa namba ya kawaida, haukutoka kwa kampuni."

Wapendwa, mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Nyamaza. Watu wakubwa wanaongea."

Akanyamaza. Nami nikabonyeza kama yule mtu alivyoniambia. Bonyeza hii. Bonyeza ile. Andika namba hii. Sasa weka namba yako ya siri. Niliiweka kwa kidole changu mwenyewe. Simu ikakatika. Nilipoangalia salio, zilikuwa zimebaki senti. Zile dola 50 hazikuwa zimeingia hata dakika moja. Ulikuwa ujumbe tu, mtu ameuandika kwa mkono wake. Mwizi hakuvunja mlango. Mimi ndiye niliyemfungulia, nikamshikia na taa.

Lakini wizi huo haukuwa ndio dhambi. Kuibiwa si dhambi. Dhambi ilikuja usiku ule, mama watoto aliponiuliza. Nilisema watoto walichezea simu. Nilimtazama yule binti aliyenionya, nikasema, "Labda ni huyu, anashika simu yangu kila siku." Mtoto hakujibu neno. Alitazama chini.

Kesho yake nilihubiri. Jumapili iliyofuata nilihubiri tena. Mama mtunza hazina aliponiuliza pesa za vitenge nilimwambia rezo ni mbaya, pesa hazitoki. Na binti yangu siku ya Jumatatu alirudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya minervali. Alikaa nyumbani siku 9.

SANBALATI HUTUMA MARA NNE

Katika siku zile nilisoma Nehemia, na Nehemia alinisoma mimi. Tazameni sura ya 6. Sanbalati na wenzake walishindwa kuvunja ukuta, wakaanza kutuma ujumbe. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa upole: njoo tuonane. Walituma mara nne, maneno yale yale. Mwizi hachoki, wapendwa. Anajua mara ya nne utakuwa umechoka wewe. Nehemia alijibu mara zote nne neno lile lile, kwamba ana kazi kubwa na hawezi kushuka. Mtu akikuita kwa haraka haraka, usikate simu, fanya sasa hivi, akaunti itafungwa, kumbuka Nehemia. Mambo ya Mungu hayaogopi kungojea dakika tano. Kata simu. Kama ni kweli, itakuwa kweli hata baada ya dakika tano.

Mara ya tano Sanbalati alituma barua iliyo wazi, kila mtu aweze kuisoma njiani. Ndani yake kulikuwa na uvumi: mataifa yanasema, na Geshemu naye anasema. Hapo ndipo ninapowaona ndugu zangu wa WhatsApp. Inatumwa kwetu sauti ya mtu tusiyemjua, analia, anasema jambo la kutisha, na sisi kabla ya kuomba, kabla ya kuuliza, tumekwisha kuituma katika kikundi cha maombi. Ndugu, uvumi unaua. Tuliona jambo hili wakati wa Ebola kule Beni na Butembo, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Dawa ilikuwapo, chanjo ilikuwapo, lakini maneno yalipita mdomo kwa mdomo na simu kwa simu kwamba ugonjwa ni biashara, na wagonjwa wengine walifichwa nyumbani wakaambukiza jamaa zao. Waliotuma maneno yale si wachawi. Walikuwa watu kama sisi, na wengine waliimba katika kwaya. Ujumbe ukija na mishale miwili juu yake, maana yake umepitishwa mara nyingi sana. Hiyo si alama ya kwamba ni kweli. Ni alama ya kwamba watu wengi hawakuuliza.

Halafu Sanbalati alifanya jambo la mwisho, na hili liwaguse wapenda unabii. Alimnunua nabii. Shemaya alizungumza kwa sauti ya kiroho, akamwambia Nehemia ajifungie hekaluni. Nehemia alitambua kwamba Mungu hakumtuma, ila amelipwa. Leo Shemaya ana simu. Anakuandikia, Mungu amenionyesha jina lako, tuma dola 20 nikufungulie nyota. Dada yangu, Mungu anayejua jina lako anajua pia kwamba watoto wako hawajala. Hakuna baraka inayongojea namba yako ya siri.

SHALUMU NA BINTI ZAKE

Sasa tufike mahali Neno liliponivunja. Sura ya 3 ni orodha ya majina, na wengi tunairuka. Huyu alijenga hapa, yule alijenga pale. Katika mstari wa 5 tunaambiwa wakubwa wa Tekoa hawakukubali kuinamisha shingo zao wafanye kazi. Heshima yao iliwazuia. Lakini mstari wa 12 unamtaja Shalumu, mtu mkubwa, mtawala wa nusu ya wilaya ya Yerusalemu. Huyu alijenga, yeye na binti zake.

Yeye na binti zake! Mtu wa cheo kile hakuona haya kusimama ukutani pamoja na wasichana, tope mikononi. Hakuwaambia nyamazeni, watu wakubwa wanaongea. Nilisoma mstari ule nikaona mimi si Shalumu. Mimi ni mkubwa wa Tekoa. Mungu alikuwa ameweka mlinzi mbele ya nyumba yangu, mlinzi wa miaka 17, na mlinzi aliona adui, akapiga kelele. Nilimfukuza langoni. Halafu nilimshitaki kwamba yeye ndiye mwizi.

Nilimwita mama watoto na watoto wote mezani. Nilisema ukweli. Nilimwomba binti yangu msamaha mbele ya wadogo zake. Wababa, mnajua ni vigumu kiasi gani. Ilikuwa rahisi zaidi kufunga siku 3 bila maji. Alilia, akasema, "Papa, sikulia kwa sababu ya pesa. Nililia kwa sababu Mama aliniamini kidogo tu." Jumapili ile nilisimama mbele ya kanisa nikawaambia wamama kwamba pesa zao zimeibiwa katika mikono yangu, na kwamba nilikuwa nimewadanganya. Dola zile 90 nilizirudisha kidogo kidogo, kwa miezi 5. Vitenge vilichelewa. Wengine walisema maneno, na walikuwa na haki.

Baada ya ibada, jambo la ajabu lilitokea. Wamama wanne na mzee mmoja wa kanisa walinijia, kila mmoja kwa siri. Wao pia walikuwa wameibiwa kwa njia hiyo hiyo, na hawakumwambia mtu. Mmoja alikuwa amemfukuza mfanyakazi wa nyumbani kwa ajili ya pesa zile. Ndipo nilipofahamu nguvu ya mwizi huyu iko wapi. Iko katika haya yetu. Kama mtu wa kwanza angesema, mimi nisingeibiwa. Mungu ni nuru, na Yohana anatufundisha katika waraka wake wa kwanza kwamba tukitembea nuruni tunakuwa na ushirika. Aliyeibiwa akisema, kanisa lote linalindwa.

TUFANYE NINI JUMA HILI

Imani bila matendo imekufa. Haya ndiyo matendo, myaandike.

Kwanza, salio ndilo linalosema ukweli. Ujumbe ukisema umepokea pesa, uwe wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, usiuamini kwa macho. Ingia wewe mwenyewe katika menyu, tazama salio. Kama pesa haziko, hakuna cha kurudisha. Kama ziko na kweli mtu amekosea, usirudishe kwa kuongozwa na sauti ya simu. Mwambie aende kwa kampuni yake, au nenda nawe kwa wakala mnayemfahamu.

Pili, namba ya siri ni ya mtu mmoja. Mamangu, usimpe kijana wa kabini simu pamoja na namba yako ukasema, mwanangu, nitolee. Kama hujui kusoma, mwanao akusomee, lakini namba nne zile bonyeza kwa kidole chako. Vidole vinajifunza, hata bila shule. Na ile namba ya tarakimu sita inayotumwa na WhatsApp usimpe mtu, hata kama anayeomba ana picha ya mchungaji wako. Ukimpa, anachukua WhatsApp yako na kuanza kuomba pesa kwa jina lako. Vijana, katika mipangilio ya WhatsApp kuna ulinzi wa hatua mbili. Wawekeeni wazazi wenu leo, kabla ya bugali ya jioni.

Tatu, lango liwe na saa. Nehemia alifunga kabla walinzi hawajalala. Nyumbani kwetu simu zote zinalala mezani sebuleni kuanzia saa tatu ya usiku, na ya Mchungaji inatangulia. Najua mtaniambia umeme unarudi saa nane ya usiku, lazima kuchaji. Sawa. Chajini pale pale mezani. Mtoto aliye peke yake na simu gizani hana mlinzi. Mtu mgeni akimwandikia mtoto wako kwamba ni mrembo, akamwomba picha, mtoto ajue anaweza kukuletea wewe bila kupigwa. Ukimpiga mara ya kwanza, mara ya pili hatakuambia.

Nne, kabla ya kupitisha habari, uliza: nani amesema, lini, wapi? Kama huna majibu, isiishie katika kikundi. Iishie kwako.

LANGO NI LA KUINGIZIA MEMA

Nisimalize bila kusema hili. Zile siku 9 binti yangu alizokaa nyumbani, hakupotewa na masomo yote. Kila jioni rafiki yake wa darasa alipiga picha kurasa za daftari lake, akazituma katika simu ya mama. Binti alinakili mpaka mshumaa ukaisha. Aliporudi shuleni, alifanya majaribio pamoja na wenzake. Simu ilituibia, na simu ilituletea masomo. Tofauti ilikuwa ni nani aliyesimama langoni.

Wanafunzi, mnalalamika kwamba mega ni ghali, na ni kweli. Lakini kuna programu iitwayo Kiwix, ni ya bure. Ukishapakua Wikipedia mara moja, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, unasoma bila mega hata moja, na unaweza kumpa mwenzako faili lile kutoka simu hadi simu. Ziko na programu za Biblia zinazosomeka bila intaneti, na Biblia ya kusikiliza kwa ajili ya nyanya ambaye macho yamechoka. Na wewe mwenye simu ndogo ya tochi, usijidharau. Chomeka waya wa sikio, huo ndio antena, na redio yetu itaingia nyumbani mwako bila mega na bila deni.

Ninakuuliza sasa, mpendwa. Nani Mungu amemweka mlinzi mbele ya nyumba yako, nawe umemwambia nyamaza? Labda ni mke wako. Labda ni kijana wako ambaye unasema hajui kitu. Leo jioni mwite mezani. Weka simu katikati. Sema, nionyeshe, mimi sijui. Maneno haya matatu hayataondoa heshima yako. Shalumu aliyasema kwa matendo, na jina lake limo katika Biblia mpaka leo, pamoja na binti zake.

Tuombe. Baba wa mbinguni, tusamehe sisi wazazi tulioficha makosa yetu nyuma ya watoto wetu. Warudishie heshima wale walioshitakiwa bure. Wafariji walioibiwa, fungua vinywa vyao waseme. Mguse na yule anayepiga simu za uongo usiku huu, naye ana mama, naye umemfia msalabani. Atoke katika kazi ile. Weka walinzi katika malango ya nyumba zetu. Mema yaingie, mabaya yabaki nje. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.